Paka dume kaziba mkojo na hela ni ndogo: nini kianze, nini kisubiri

Kama umefika hapa kwa sababu saa hizi paka wako dume anaingia na kutoka kwenye trei ya mchanga, anachuchumaa, anajikamua, na hakuna kinachotoka au yanatoka matone mawili matatu tu, soma hatua ya 1 na ya 2 halafu toka nyumbani, mengine utayasoma ukiwa unasubiri kuonwa. Hii ni dharura kama vile mtu kushindwa kupumua, tofauti ni kwamba paka hufa kimyakimya.

Naandika kwa ajili ya mwenye hela kidogo kwa sababu na mimi nilikuwa na hela kidogo, na nilichojifunza ni kwamba kwenye ugonjwa huu kinachokuokolea hela ni saa. Paka aliyefikishwa kwa daktari ndani ya saa chache za mwanzo mara nyingi anahitaji kuzibuliwa, dawa ya maumivu na maji, basi. Yule yule ukimpeleka kesho kutwa anahitaji dripu, vipimo vya damu kila baada ya muda, dawa za moyo, siku kadhaa za kulazwa, na bado anaweza asipone. Kwa hiyo ukisema "ngoja nitafute hela kwanza nimpeleke kesho" unajiongezea bili, naomba uamini hilo kuliko kitu kingine chochote humu.

Hatua ya 1: Hakikisha, dakika tano zinatosha

Kosa la kwanza la watu wengi ni kudhani paka amefunga choo. Na mimi nilidhani hivyo hivyo, nilimwona Dodo wangu anajikunja kwenye trei nikasema tumbo hilo, litafunguka, nikalala. Paka anayejikamua mkojo na anayejikamua kinyesi wanakaa karibu sawa, ila wa mkojo anarudi rudi kwenye trei kila dakika chache, anajilamba sana huko chini, analia akichuchumaa, wakati mwingine anajaribu kukojoa sehemu za ajabu kama kwenye sinki, kwenye beseni au juu ya nguo. Ukiona tone lina damu ndo kabisa usijiulize mara mbili.

Angalia mchanga. Mara ya mwisho kuona bonge la mkojo la ukubwa wa kawaida ilikuwa lini? Paka mzima anakojoa kama mara 2 mpaka 4 kwa siku. Halafu weka mkono taratibu chini ya tumbo, mbele kidogo ya miguu ya nyuma. Kibofu kilichojaa na kuziba unakisikia kama mpira mgumu, ukubwa wa limau au hata chungwa, na paka hataki kabisa ukiguse. Gusa tu, USIMINYE. Kibofu kilichovimba hivyo kinaweza kupasuka mikononi mwako, na hapo unakuwa na tatizo kubwa mara kumi ya ulilokuwa nalo.

Kuna paka anayejikamua na kibofu chake kiko kitupu, huyo kibofu kimewaka tu, yaani kimevimba na kinauma, ila njia iko wazi. Kwa nyumbani huwezi kuwa na uhakika, kwa hiyo akiwa dume na huoni mkojo mchukulie kuwa kaziba mpaka daktari aseme vinginevyo. Majike inawatokea kwa nadra sana kwa sababu mrija wao ni mfupi na mpana, wa dume ni mrefu na unazidi kuwa mwembamba unapofika mwishoni, hapo ndipo panapokwama. Kinachokwama ni ute mzito uliochanganyika na fuwele ndogo kama mchanga, au kijiwe, au hakuna kitu kabisa, mrija umevimba na kujikaza wenyewe kwa sababu kibofu kimewaka.

Akianza kutapika, kukataa kula, kulala pembeni hataki kuguswa, masikio na miguu kuwa ya baridi, basi sumu imeshaingia kwenye damu. Mkojo usiotoka unaifanya figo ishindwe kusafisha, potasiamu (madini yaliyomo kwenye damu) inapanda, na potasiamu ikipanda moyo unapiga polepole mpaka unasimama. Aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3, na wengine hawafiki huko. Kama yuko hivyo na ni saa nane usiku, ni saa nane usiku hiyo hiyo unatoka.

Hatua ya 2: Usimpe kitu

Najua mkono unawasha kufungua droo la dawa. Usifungue. Parasetamo inaua paka, ini lake haliwezi kuivunja kama letu, damu yake inashindwa kubeba oksijeni, na kidonge kimoja tu cha mtu mzima kinatosha kummaliza. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini nazo ni hivyo hivyo, na figo zake saa hizi ziko kwenye shida tayari.

Usimnyweshe maji kwa bomba la sindano, yataenda wapi wakati njia imefungwa? Unazidi kujaza kibofu. Dawa za kukojoza hapana. Siki, ndimu na juisi za matunda ambazo watu wanashauriana hazizibui kitu. Antibayotiki uliyobakiza ya mwaka jana nayo haizibui, na kwa paka dume ambaye bado kijana bakteria mara chache sana ndo chanzo. Mfunge kwenye kikapu chake au boksi lenye matundu, weka taulo chini, funika na kitambaa apate giza atulie, nendeni.

Hatua ya 3: Piga simu na useme ukweli wa hela mapema

Hapa watu wanaona aibu, na aibu hiyo inagharimu. Piga simu kliniki mbili tatu ukiwa unajiandaa, au mtu mwingine apige wakati we unamshughulikia paka. Sema hivi: "Daktari, nina paka dume, hajakojoa tangu jana jioni, kibofu ni kigumu, ametapika mara moja. Nilicho nacho ni kiasi hiki. Kwa kiasi hiki naweza kufanyiwa nini leo?" Ukitaja kiasi mwanzoni daktari anapanga matibabu kulingana nacho. Ukinyamaza, atakupangia matibabu kamili, utashtuka ukiona bili, na muda utakuwa umekwenda kwenye kubishana.

Maswali ya kuuliza hapo hapo: kuna kulipa kwa awamu? Kuna chama cha kutetea wanyama au mfuko wowote wanaoufahamu unaochangia? Chuo kinachofundisha udaktari wa mifugo kina kliniki, bei zao zikoje? Na kingine ambacho wengi hawajui kuwa wanaruhusiwa, omba makadirio yaliyogawanywa, lazima ni nini na ya kusubiri ni yapi. Daktari mzuri hachukii swali hilo. Akikukaripia kwa sababu ya hela, mshukuru upige namba nyingine, saa inakimbia.

Hatua ya 4: Jua unalipia nini

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo hela inapoishia.

Vya lazima, nikisema lazima namaanisha usikubali virukwe bila sababu: dawa ya usingizi au ya kumtuliza, dawa ya maumivu, kuzibuliwa, na kwa paka aliyeziba zaidi ya nusu siku au anayetapika, kipimo cha potasiamu kwenye damu. Hicho cha mwisho watu wanakikata kuokoa hela, lakini ndicho kinachomwambia daktari kama moyo utahimili dawa ya usingizi. Potasiamu ikiwa juu sana kuna dawa za kuulinda moyo na kuishusha kabla ya kumzibua, bila kipimo daktari anabahatisha.

Kuzibua kwenyewe ni kupitisha katheta, mrija mwembamba, na kusukuma maji maji yenye chumvi ya hospitali ili kile kilichokwama kirudi kwenye kibofu. Wakati mwingine daktari anapunguza kwanza mkojo kwa sindano kupitia tumboni, usiogope ukisikia hivyo.

Matibabu kamili ni katheta kubaki ndani siku 1 mpaka 3 huku paka yuko kwenye dripu. Sababu ya dripu ni kwamba baada ya kuzibuliwa figo zinafungulia kama bomba, paka anakojoa mkojo mwingi kupita kiasi, asipoongezewa maji anakauka. Wanaopata matibabu haya wanapona zaidi ya 9 kati ya 10, kwa hiyo usikate tamaa ukimwona amelegea.

Kama hiyo haiwezekani, njia ya pili ni azibuliwe, aoshwe kibofu, apewe maji chini ya ngozi, dawa ya maumivu, na arudi nyumbani siku hiyo hiyo. Inapunguza gharama kwa kiasi kikubwa. Ubaya wake ni kwamba wanaorudi nyumbani mapema wanaziba tena zaidi ya waliolazwa, kwa hiyo ukichagua hii bakiza akiba ya kurudi, usimalize yote siku ya kwanza. Inamfaa zaidi yule aliyewahi, ambaye damu yake haijaharibika.

Ya tatu, hii madaktari wengine hawaitaji mpaka uulize. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walichapisha utaratibu wa kutibu bila katheta kabisa kwa ajili ya wenye paka ambao vinginevyo wangemuua kwa kukosa hela. Walitumia dawa za kutuliza na za maumivu, mkojo ukapunguzwa kwa sindano inapohitajika, maji chini ya ngozi, na paka akawekwa sehemu ya giza na utulivu, mrija ulegee wenyewe. Kati ya paka 15, 11 walikojoa wenyewe ndani ya siku 3. Waliobaki 4 mkojo au damu ilivujia tumboni, kwa hiyo si mchezo, na haimfai paka mahututi wala mwenye kijiwe kilichokwama. Ila kama mbele yako kuna mawili, hiyo au sindano ya kumpumzisha, yaani kumuua bila maumivu, muulize daktari.

Vinavyoweza kusubiri kwa paka kijana anayeziba mara ya kwanza: kuotesha mkojo kutafuta bakteria, vipimo vikubwa vya damu ukiacha vile vya figo na potasiamu. Eksirei nisingeisahau moja kwa moja maana ndo inaonyesha vijiwe, ila ikibidi inaweza kufanyika baadaye akishatulia. Kuangalia mkojo kwa hadubini ni kipimo kidogo na kinakusaidia sana kwenye chakula, kiombe.

Upasuaji wa kukata ile sehemu nyembamba ya mrija na kufungua sehemu pana upo, hufanywa kwa paka anayeziba tena na tena. Haumalizi kuwaka kwa kibofu, na maambukizi yanakuwa rahisi zaidi baadaye, lakini kuziba kunapungua sana. Ukishamzibua mara mbili au tatu kaa chini upige hesabu, mara nyingi upasuaji mmoja ni nafuu kuliko kuzibua kwa nne na kwa tano.

Na kama hakuna njia yoyote, kabisa kabisa, umepiga simu kote na hela haipo, basi mpeleke apewe sindano ya kumpumzisha. Usimwache nyumbani ukisema Mungu atajua. Kufa kwa kuziba mkojo kunauma sana na kunachukua siku. Kumtoa kwenye maumivu hayo bado ni kumtunza, na asikuhukumu mtu.

Hatua ya 5: Wiki ya kwanza nyumbani

Hii wiki ndo wengi wanaziba tena, usisafiri na usimwache na mtu asiyeelewa.

Mweke kwenye chumba kimoja kidogo, trei yake peke yake kama kuna paka wengine, mchanga uwe kidogo ili uone kila kitu. Bandika karatasi ukutani, kila bonge la mkojo andika saa na ukubwa, mfano "saa 2 asubuhi, kama yai". Inaonekana kazi ya ziada lakini siku ya tatu usiku ukiwa umechoka na huna hakika kama alikojoa, karatasi hiyo ndo itakujibu. Atajikamua kamua siku chache hata kama njia iko wazi, kwa sababu mrija una vidonda, na mkojo unaweza kuwa na damu kidogo. Unachoangalia ni kiasi. Matone madogo madogo mengi ambayo jumla yake ni kitu, mpigie daktari umwambie. Anajikamua na mchanga ni mkavu, rudi nae sasa hivi. Zikipita saa 12 nzima bila mkojo wowote, rudi hata kama anaonekana mzima.

Dawa ya maumivu mpe mpaka iishe kama ulivyoelekezwa, paka mwenye maumivu anakaza mrija na mrija ukikaza unaziba. Kuna dawa nyingine ya kulegeza mrija inaitwa prazosini, madaktari wengi wanaitoa lakini tafiti za karibuni hazikuonyesha kwamba inapunguza kuziba tena, na inaweza kumlegeza mwili mzima. Kwa hiyo kama hela inatosha dawa moja tu, muulize daktari kama ya maumivu ndo itangulie.

Kola ya koni avae, akilamba huko chini anazidisha uvimbe. Na ale! Paka akikaa siku 2 au 3 bila kula ini linaanza kujaa mafuta, hilo ni gonjwa jingine la kulipia. Pasha chakula kidogo kitoe harufu, mpe kwa kidole, akigoma siku nzima piga simu.

Hatua ya 6: Maji, maji, maji

Akishazibuliwa sasa ndo maji yanakuwa dawa, na ni dawa ya bei rahisi kuliko zote. Mkojo mwepesi haushikani shikani kuwa uji wa fuwele. Chakula kikavu kina maji kama asilimia 10 tu, cha kopo au cha pakiti laini kinafika asilimia 75 hadi 80, na paka kwa asili si mnywaji, anategemea maji yaliyomo kwenye chakula.

Huwezi kununua cha kopo kila siku? Loweka kile kikavu kwenye maji ya uvuguvugu. Anza na kijiko kimoja, kila siku mbili ongeza, mpaka kiwe kama uji mzito. Wengine wanakubali siku ya kwanza, wengine wanakuangalia kama umewatukana, endelea taratibu bila kumshindisha njaa. Maji yaliyochemshiwa kuku pia yanamvutia, ila yasiwe na chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, vitunguu vinaharibu damu ya paka. Weka bakuli pana zaidi ya moja sehemu tofauti, mbali na trei, badilisha maji kila siku.

Chakula maalumu cha mkojo ni ghali, na hapa ndo kile kipimo cha hadubini kinalipa. Fuwele za aina inayoitwa struviti zinayeyushwa na chakula hicho ndani ya wiki kadhaa, kwa hiyo hela inafanya kazi. Vijiwe vya aina nyingine, oksaleti, haviyeyuki kwa chakula chochote. Ukiamua kukitumia kitumie peke yake, ukichanganya na mabaki ya mezani unatupa hela. Na usimgeuzie kwenye nyama tupu au samaki mtupu ukidhani ni asili zaidi, anakosa madini na vitamini vingi.

Hatua ya 7: Punguza stresi, haina gharama

Kwa paka wengi wa chini ya miaka 10 kibofu huwaka bila bakteria wala kijiwe, na stresi ina mkono mkubwa hapo. Mgeni ndani ya nyumba, kuhama, mtoto mchanga, paka wa jirani anayemtisha dirishani, trei chafu, kubadilishiwa muda wa kula. Vitu hivi binadamu hatuvioni lakini kibofu chake kinaviona.

Trei ziwe idadi ya paka ongeza moja, yaani paka 2 trei 3, ziko sehemu tulivu na sio zote zimepangwa pamoja, zoa kila siku. Beseni pana la kawaida linatosha, si lazima ya dukani. Boksi la karatasi ngumu ageuze pango. Kiti karibu na dirisha apande aone nje. Cheza nae dakika 10 asubuhi na jioni na kamba au karatasi iliyokunjwa, hasa kama amenenepa, maana wanene wasiotoka ndani wanaziba zaidi. Kupunguza uzito kuwe polepole kwa kupima chakula. Kama paka wawili wanagombana, kila mmoja awe na bakuli na trei mahali ambapo mwenzake hawezi kumzibia njia, sijawahi kuona kitu kilichomtuliza Dodo kama hicho.

Hatua ya 8: Jiandae kwa mara nyingine

Inaweza isitokee tena, Dodo mwaka wa pili huu hajaziba. Lakini weka kibubu cha paka hata kama ni hela kidogo kidogo, na kila mwezi ambao hajaumwa usikiguse. Andika namba mbili za kliniki zinazofungua usiku, moja ikiwa ya ziada. Hifadhi karatasi za matibabu, daktari mpya akiona potasiamu ilikuwa ngapi na katheta iliingia kwa shida au la anaokoa muda. Kikapu cha kumbebea kikae wazi sebuleni na kitambaa chake ndani, akizoee kama kitanda, ili siku hiyo usianze kumkimbiza chini ya kabati huku dakika zinakwenda. Na kila mtu anayekaa humo ndani, hata mtoto mkubwa, ajue kutofautisha bonge la mkojo la kawaida na mchanga mkavu.